Kasi ya Faiba Inapotelea Wapi?

Swali: Mhariri, nimefungiwa intaneti ya faiba yenye kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde, lakini kompyuta yangu haivuki 94. Je, nimepunjwa?

Jibu: Tusimlaumu mtoa huduma kabla ya kutazama ndani ya nyumba. Mwanga unaobeba data katika uzi wa kioo huishia kwenye kisanduku cha ukutani, na kutoka hapo unategemea kebo ya shaba au Wi-Fi, ambayo hudhoofishwa na kila ukuta wa zege. Hiyo 94, hata hivyo, inanitia shaka juu ya kebo: yenye nyaya 4 tu zinazofanya kazi, badala ya 8, hukomea megabiti 100. Ibadilishe, kisha upime tena. Uzi wa faiba nao, ambao wengi huubana nyuma ya kabati, usikunjwe, kwani mwanga huvuja penye kona kali.