Walimu wapya, kabla hamjamfukuza mtoto

Jumatatu nilimsikia mwalimu wa zamu, ambaye ana miezi miwili tu kazini, akimwambia binti wa kidato cha pili aliyechelewa paredi: "Ondoka, usirudi bila mzazi." Nilishtuka, kwa sababu maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, kwa sauti ileile. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha. Kila tarehe 31 Januari mnamsifu Mtakatifu Yohane Bosco kuwa baba na mwalimu wa vijana, halafu kesho yake mnashika njia ya yule sakristani, mtunza kanisa, aliyemfukuza kijana mbele ya Bosco. Nitawakumbusha kisa hicho.

1. Ulizeni kabla ya kuhukumu. Tarehe 8 Desemba 1841 Bosco alikuwa padre wa miezi sita tu. Alikuwa sakristia, chumba ambamo padre huvaa mavazi ya misa, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi mjini Torino, Italia, akijiandaa kwa misa. Sakristani alimkuta kijana amesimama pembeni, akamtaka amsaidie padre altareni kwa kutumikia misa. Kijana akasema hajui. Akapigwa na kutimuliwa. Bosco akapaza sauti: mwite arudi, huyo ni rafiki yangu. Hakuwahi kumwona hata siku moja! Misa ilipokwisha akamkalisha. Baba yuko wapi? Amefariki. Mama? Amefariki. Kusoma? Sijui. Kuimba? Sijui. Je, mluzi unaweza kupiga? Hapo Bartolomeo Garelli, fundi mwashi wa miaka 16, akatabasamu. Chuoni tulikaririshwa nadharia nyingi za saikolojia ya elimu, lakini hakuna iliyonifaa darasani kama swali hilo la mluzi. Endelea kuuliza mpaka ufike kwenye kitu ambacho mtoto anakiweza. Jumapili iliyofuata Garelli alirudi, na hakuja peke yake.

2. Andalio la somo liandikeni jana yake. Bosco alipoona vipimo vya mita vinakaribia kuwa sheria kwao, alitoa kijitabu cha kuvieleza kwa lugha nyepesi mwaka 1849, mapema, watu wa kawaida wasije wakapunjwa.

3. Neno "mtoro" liwe la mwisho kuandikwa. Hapa niacheni niseme kwa kirefu.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na kijana aliyesinzia kila Jumatatu kipindi cha kwanza. Hesabu alikuwa anaziweza, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, niliona ananidharau. Siku moja nilimsimamisha mbele ya darasa zima, nikamwita mzembe, nikamtoa nje na sharti la mzazi. Darasa lilicheka. Mimi niliendelea kufundisha, tena nikijiona nimerejesha nidhamu. Kesho yake hakuja. Keshokutwa nikaandika mtoro. Nikaandika hivyo wiki baada ya wiki, na mwisho wa muhula nikalikata jina lake kwa kalamu nyekundu kwa rula, mstari umenyooka vizuri. Sikumuuliza jirani yake wa dawati wala sikufika kwao.

Miaka minne baadaye nilipita penye jengo linalojengwa, nikasikia "Shikamoo, mwalimu" kutoka juu ya jukwaa. Alikuwa yeye, na ndoo ya zege begani. Akashuka, akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kunipa. Akanieleza bila lawama yoyote: Jumamosi na Jumapili alikuwa akifyatua matofali ili yeye na bibi yake wale. Wazazi hakuwa nao. "Lakini nilirudi, mwalimu. Siku ya tatu nilikuja na kaka yangu mpaka getini. Tukaambiwa upo kikaoni, tusubiri." Nikakumbuka. Mlinzi alikuja kunong'ona mlangoni, nami nikamwashiria kwa mkono wasubiri. Kikao kilipokwisha nilikwenda nyumbani. Walikaa pale mpaka jioni.

Huwa namfikiria ninaposoma mikataba ambayo Bosco aliwaandikia vijana wake waliojifunza ufundi, kuanzia miaka ya 1850. Alimbana tajiri kwa maandishi: amfundishe kijana kazi kwa ukamilifu, amrekebishe kwa maneno na si kwa kipigo, ampe mapumziko ya Jumapili. Yeye mwenyewe alitia saini. Wangu alipanda jukwaani bila mtu wa kumwekea saini, na mimi ndiye niliyempeleka huko.

4. Majina yote yawe kichwani kabla ya wiki ya tatu.

5. Mkiwa na hasira, funikeni madaftari ya kusahihisha.

6. Wakati wa mapumziko tokeni ofisini. Bosco alikuwa uwanjani na vijana wake, akicheza nao, na huko ndiko alikowajua. Mtoto haelezi shida zake mbele ya meza yenye walimu sita wanaokunywa chai.

Mwalimu mwenzangu wa zamu ya Jumatatu, leo ni Alhamisi na yule binti hajaonekana. Rafiki yake anakaa dawati la tatu upande wa dirishani, na kwao anapafahamu. Kipindi chako cha mchana nitakishika mimi. Nenda.