Kupanga dondoo za "Je, Wajua?": usitupe turufu zote mzunguko wa kwanza

Wengi wanaojitolea Wikipedia huifahamu sehemu ya "Je, Wajua?", ile ya ukurasa wa mwanzo inayoonyesha dondoo, yaani sentensi fupi za kuvutia kutoka kwenye makala, kwa upande wa mwandishi. Umeandika makala, umeipendekeza, dondoo yake imetokea ukurasa wa mwanzo, umefurahi. Ni wachache wanaojiuliza nani aliyeiweka pale, siku ile, katikati ya dondoo zile. Mimi kazi niliyoizoea ni hiyo ya kupanga, katika Wikipedia ya Kiingereza, na kila anapojitokeza mtu mpya wa kusaidia namwona akihangaikia vitu vidogo huku vikubwa vikimpita. Haya nimemwandikia yeye.

Kwanza utaratibu, kwa haraka. Sehemu hii ilianza mwaka 2004. Makala inayokubalika ni ile iliyo mpya, au iliyorefushwa mara tano, au iliyopandishwa daraja na kuwa miongoni mwa makala nzuri, na ipendekezwe ndani ya siku 7. Iwe na angalau herufi 1,500 za maandishi yenyewe, bila kuhesabu majedwali na orodha, na dondoo isizidi herufi 200. Mhariri mwingine huikagua. Ikipita hukaa kwenye ukurasa wa zilizoidhinishwa ikisubiri mpangaji, naye huitia kwenye seti ya maandalizi, yaani kundi la dondoo zitakazoonekana pamoja. Seti za maandalizi ziko saba. Seti ikijaa, mkabidhi (mhariri aliyepewa mamlaka ya usimamizi) huipitia na kuiingiza kwenye foleni, nazo foleni ziko saba, na saa ikifika roboti, yaani programu inayojiendesha, huipandisha ukurasa wa mwanzo. Kila seti ina dondoo nane au tisa hivi. Ya kwanza ina picha, ya mwisho kwa desturi ni ya kuchekesha. Huruhusiwi kupanga dondoo uliyoipendekeza wala uliyoikagua wewe mwenyewe. Hayo ukiyajua unaweza kuanza leo.

Sasa jambo lenyewe. Mpe mgeni seti tupu na ukurasa wa zilizoidhinishwa, utaona anachofanya: anachagua zinazompendeza. Anachukua ile ya mdudu wa ajabu, ile ya daraja lililojengwa kwa makosa, ile ya ugonjwa wenye historia ya kusisimua, ile ya mchoro uliopotea. Seti inatoka nzuri, kila dondoo na rangi yake, watu wanamsifu. Kesho yake mwenzake anafungua ukurasa uleule na kukuta wachezaji mpira, wanasiasa, waimbaji na wanasiasa tena. Ni kama mcheza karata anayetupa turufu zote mzunguko wa kwanza.

Ukweli ni kwamba wasifu wa watu ndio unaojaza ukurasa ule siku zote, na mambo ya Marekani yanafuatia. Kanuni inasema wasifu usizidi nusu ya seti, na mambo ya Marekani vivyo hivyo, na dondoo mbili za aina moja zisikae jirani. Wageni huisoma kanuni hiyo kama onyo, kwamba wasifu ni kitu cha kuepukwa. Mimi naisoma kinyume. Nusu ni kiwango changu cha kufikia. Seti ikiwa na dondoo nane, nne ziwe wasifu, kila seti, bila kubakiza nafasi. Kilicho kingi lazima kitoke kwa wingi kila siku, la sivyo kitaota mizizi pale, na siku ya siku utapanga seti isiyopangika.

Kwa hiyo siku hizi nikianza seti naanza na wasifu wa kawaida, tena wale waliokaa muda mrefu zaidi kwenye orodha. Nawatawanya nafasi ya pili, ya nne, ya sita na kadhalika. Halafu natafuta cha kuwatenganisha: jengo, mnyama, vita, kitabu, sayansi. Chache tu, kwa kiasi cha kutosha. Dondoo ya kuchekesha ya mwisho naitafuta baadaye, na kama zimebaki mbili tu kwenye orodha nzima, natumia moja na nyingine naiacha, hata kama ingenoga zaidi. Picha ndiyo naichagua mwisho kabisa. Wengi huanza na picha kisha wanalazimika kuizungushia seti nzima. Mtu akishaweka picha ya kanisa hawezi tena kuweka jengo karibu, na majengo mawili mazuri yanabaki nje bila sababu.

Kuhusu picha, usijali sana uzuri wake ukiwa umeikuza. Ipunguze mpaka ukubwa itakaoonekana nao pale mwanzo. Uso wa mtu mmoja huonekana. Kundi la watu ishirini huwa ukungu. Iwe pia ndani ya makala yenyewe na leseni yake iwe huru kweli, maana picha yenye hakimiliki, inayotumiwa kwa kigezo cha "matumizi ya haki" tu, hairuhusiwi ukurasa wa mwanzo. Nafasi ni moja kwa seti na wanaoitaka ni wengi. Watakaokosa watanung'unika, na hilo halina dawa.

Nije kwenye tarehe, maana hapa ndipo panapoumiza kichwa.

Watu huomba dondoo zao zitoke siku maalumu: kumbukumbu ya kuzaliwa, sikukuu, ufunguzi wa mashindano. Ombi likikubaliwa, dondoo inawekwa pembeni, mahali pa zinazosubiri tarehe. Mpangaji ndiye wa kuhesabu seti ipi itaangukia siku hiyo. Kasi ya kawaida ni seti moja kila saa 24. Mlundikano ukizidi, kasi huongezwa kwa muda na kuwa seti moja kila saa 12. Chukua mfano: leo ni tarehe 2, na seti yako ni ya sita baada ya hii inayoonekana sasa. Kwa kasi ya kawaida itapanda tarehe 8. Kasi ikiongezwa leo, itapanda tarehe 5, na dondoo ya sikukuu ya tarehe 8 itakuwa imetoka na kusahauliwa sikukuu ikiwa bado siku tatu mbele. Hakuna roboti itakayokuambia.

Dawa yangu ni mbili. Kwanza, kila dondoo yenye tarehe naiandikia maelezo yaliyofichwa ndani ya msimbo, pembeni yake palepale: "hii ni ya tarehe fulani, kasi ikibadilika ihamishwe." Msomaji hayaoni, ila kila anayefungua seti kuihariri anakutana nayo uso kwa uso. Pili, sizitii dondoo hizo mapema. Naacha nafasi wazi kwenye seti inayoelekea kuangukia siku hiyo, naijaza ikikaribia. Wenzangu wengine hawapendi kuona seti yenye pengo, wanaona kama kazi haijaisha, na mara nyingine mtu mwema anakuja kuliziba. Maelezo ya kufichwa yanasaidia hapo pia.

Halafu kuna suala la saa. Kila kitu kinakwenda kwa saa za UTC, yaani saa sanifu ya dunia, na siku ya UTC si siku ya kila mtu. Seti inayopanda saa 12:00 UTC, kule New Zealand inapanda usiku wa manane au baadaye kidogo, yaani siku ya tukio lao imekwisha. Ile ya saa 00:00 UTC, watu wa Los Angeles wanaiona jioni ya jana yake. Kasi ikiwa ya saa 12, basi tukio la Australia au Asia ya mashariki lipe seti ya kwanza ya siku, na la bara la Amerika lipe ya pili. Na kabla ya yote uliza tarehe yenyewe imehesabiwa kwa saa za wapi. Neil Armstrong alikanyaga Mwezi saa 02:56 UTC tarehe 21 Julai 1969, wakati Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 20. Mtu akikuombea kumbukumbu ya hatua ile, tarehe zote mbili ni sahihi, na itabidi mkubaliane moja kabla hujaigusa seti.

Kuna wanaosema kazi ya mpangaji ni kupanga tu, kwa kuwa mkaguzi ameshakagua. Sikubaliani nao hata kidogo. Kati ya siku dondoo ilipoidhinishwa na siku unapoichukua huweza kupita wiki kadhaa, na makala za Wikipedia hazilali. Unaweza kukuta sentensi iliyobeba dondoo imefutwa, au mtu ameweka bango la kutilia shaka vyanzo, au kuna pendekezo la kuiunganisha na makala nyingine. Kwa hiyo fungua makala. Tafuta neno la dondoo kwa kivinjari mpaka uione sentensi. Angalia kama rejeo limekaa mwishoni mwa sentensi hiyohiyo, si aya mbili mbele. Fungua rejeo, usome. Sijasema uangalie kama kiungo kinafunguka, soma kilichoandikwa.

Maneno ya kutilia shaka zaidi ni "wa kwanza", "pekee", "kuliko vyote". Tuchukue mambo yanayojulikana na wengi, yasiyo ya makala mpya. Mtu akileta dondoo kwamba Edmund Hillary na Tenzing Norgay ndio watu wa kwanza kufika kilele cha Everest, tarehe 29 Mei 1953, kuna msomaji atakayekumbusha ndani ya dakika chache kwamba George Mallory na Andrew Irvine walipotea karibu na kilele mwaka 1924 na haijulikani walifika wapi. Ongeza "wanaojulikana kwa hakika" na umepona. Au chukua vita vya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896. Vyanzo vingine vinasema vilidumu dakika 38, vingine 45. Ukiandika "dakika 38" umechagua upande katika ugomvi usio wako. Andika "chini ya saa moja": dondoo haijapungukiwa na ladha, na hakuna wa kukurudia. Mimi hata nikikuta chanzo kizuri kinachosema "wa kwanza", natafuta kwanza kwa dakika chache kama yupo mwingine anayetajwa hivyohivyo. Mara nyingi yupo.

Dondoo zinazogusa watu walio hai zisomwe mara mbili. Jambo baya alilofanya mtu, hata likiwa kweli na lina rejeo, halifai kuwa ndilo pekee mamilioni ya wasomaji wanalolisoma juu yake siku hiyo. Mgombea wa uchaguzi asipewe nafasi katika siku 30 za mwisho kabla ya kura.

Tukirudi kwenye maneno: ni halali kurekebisha dondoo, lakini mwambie aliyeipendekeza. Mtaje kwenye ukurasa wa pendekezo, mweleze umebadili nini na kwa nini, mpe siku moja au mbili za kujibu kabla seti haijaenda mbali. Ugomvi mwingi niliouona katika kazi hii haukutokana na mabadiliko yenyewe, ulitokana na mtu kuamka akakuta dondoo yake ukurasa wa mwanzo ina maneno asiyoyajua. Rekebisho ninalolifanya mara nyingi zaidi ni kuondoa viungo. Dondoo huwa na kiungo kimoja cha herufi nzito, cha makala husika, lakini waandishi hupenda kuunganisha kila jina linalopita. Ukiacha kiungo cha msanii maarufu kando ya makala ngeni juu ya mtengeneza gitaa wake, msomaji atabofya msanii, na yule mtengeneza gitaa aliyefanyiwa kazi ya wiki nzima ataambulia kupitwa.

Takwimu za kusomwa zinapatikana kila dondoo inapoteremka, na watu huzishindania. Ziangalie kwa udadisi ukitaka, ila usipangie ratiba. Yenye picha karibu kila mara huwa na faida kuliko ya katikati, kwa hiyo kulinganisha namba zake na za dondoo ya tano hakukuambii ni ipi iliyoandikwa vizuri.

Na kama si mkabidhi, elewa mamlaka yako yanakomea wapi. Seti ikiwa kwenye maandalizi unaweza kuivunja na kuipanga upya utakavyo. Ikishaingia foleni imefungwa. Ukiona kosa unaandika kwenye ukurasa wa majadiliano wa mradi, ukitaja namba ya foleni, dondoo ipi, na maneno kamili unayotaka yawekwe, ili mkabidhi anayepita anakili na kuendelea. Ikishapanda ukurasa wa mwanzo, ombi linakwenda kwenye ukurasa wa kuripoti makosa, ambako wapo wanaoangalia karibu saa zote. Hapo mkabidhi yeyote anaweza kuirekebisha dondoo au kuiondoa kabisa. Ikiondolewa kwa kasoro inayotibika, angalia kama imerudishwa kwenye orodha ya mapendekezo, maana kuirudisha kunahitaji mtu wa kukumbuka, na aliyeipendekeza huenda hajui hata kwamba imeteremshwa.