Ukimya wa darasa zima: wasomaji wauliza mambo ya hedhi, Shangazi anajibu

Wasomaji wangu, tangu ipite tarehe 28 Mei, ile Siku ya Hedhi Salama inayoadhimishwa duniani toka 2014, simu yangu imejaa maswali ya hedhi, mengi yametumwa usiku wa manane na mwishoni mtu anaandika "usitaje jina langu tafadhali". Sitaji. Nimechagua matano, na la kwanza nimelipa nafasi kubwa manake kila shirika linalokuja kwenye shule zetu na fomu lingefaa kulisoma.

Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha P6 (darasa la sita) shule moja Busia upande wa Uganda na ndio nimepewa ulezi wa wasichana. Tunataka PTA (kamati ya wazazi na walimu) na shirika fulani watusaidie pedi, wakasema leta takwimu kwanza. Nikawakusanya wasichana wa P5 mpaka P7 nikauliza nani anakosaga shule akiwa kwenye siku zake, hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono, na mimi kwa macho yangu naona wanakosa. Hedimasta kasema basi shida haipo. Nifanyeje?

Mwalimu, shida ipo, na huo ukimya wa darasa zima ndio takwimu yako ya kwanza, uiandike. Mtoto wa miaka 13 umemwambia anyooshe mkono mbele ya wenzake, pengine wavulana wanachungulia dirishani, akiri kwamba anatokwa na damu, nani atanyoosha? Aibu unayotaka kuipima ndiyo hiyo hiyo iliyowafunga midomo.

Anza upya. Karatasi isiyo na jina, kila mmoja akae mbali na mwenzake, au kama kusoma ni shida basi mmoja mmoja chini ya mti na mtu ambaye hawapi maksi wala hawachapi, na hapo nakuomba usikasirike, mtu huyo asiwe wewe. Tafuta VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji, wa kike au nesi wa kituo cha afya. Maswali yajaribu kwanza kwa wasichana watano sita, wakuambie lipi hawajalielewa, urekebishe kwa maneno wanayotumia wenyewe wakiwa bombani, ndipo uwape wote.

Alafu usiishie kwenye pedi tu. Hapa hapa Uganda, Soroti, watafiti walitengeneza orodha ya maswali 36 wakaijaribu kwa wasichana wa shule zaidi ya 500, ikatoka 2020, na leo inatumika nchi nyingi. Uzuri wake ni kwamba haimuulizi mtoto "una shida?" bali inauliza vitu anavyovifanya, anajibu kamwe, mara nyingine, mara nyingi au kila mara. Mfano wa namna hiyo: mara ya mwisho ulipokuwa kwenye siku zako, uliweza kubadilisha ukiwa shuleni ulipotaka? Uliogopa mtu atakukuta unabadilisha? Kitambaa chako kilikuwa kimekauka ulipokivaa tena? Uliwaza damu itaonekana kwenye sketi? Hakuna anayeona haya kuweka alama hapo, na wewe ukijumlisha unajua kama kinachokosekana ni pedi, ni maji, ni komeo la mlango wa choo au ni vyote. Kuna shule ukiipelekea maboksi ya pedi hujatatua kitu manake choo hakina mlango.

Zile tafiti kubwa za majumbani za UNICEF zinazoitwa MICS nazo siku hizi zinauliza: una mahali pa faragha nyumbani pa kuoga na kubadilisha, unatumia nini, kuna shughuli, shule au kazi ulizokosa kwa ajili ya hedhi. Zimesaidia sana kulinganisha nchi na nchi. Lakini zinauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49, kwaiyo huyo wako wa miaka 12 aliyeanza juzi hayumo, na yeye ndiye anayeogopa kuliko wote. Ndio maana kazi yako ndogo ya Busia ina thamani usiidharau.

Sasa la kukosa shule. Usitegemee kumbukumbu ya mtoto, chukua rejista miezi mitatu uangalie nani anakosa lini. Nasema hivyo kwa sababu majibu ya swali hili yanagongana. Chitwan kule Nepal walifuatilia mahudhurio ya wasichana siku kwa siku, wengine wakapewa vikombe vya hedhi, na matokeo yaliyotoka 2011 yakaonyesha siku walizokosa kwa sababu ya hedhi hazifiki hata moja kwa mwaka, vikombe havikubadilisha kitu. Lakini Kamuli hapa kwetu, shule 8, wasichana zaidi ya elfu moja, kuna shule zilipewa pedi za kufua, nyingine somo la kubalehe, nyingine vyote viwili, na nyingine hazikupewa kitu kwanza. Mahudhurio yalishuka kote ila zile zilizokosa vyote zilishuka zaidi, tofauti ikawa kama asilimia 17, hiyo ilitoka 2016. Nepal sio Uganda na Kamuli sio Busia, kwaiyo mtu asikuletee namba ya kwingine akakuambia ndiyo yako. Na hata ukikuta rejista imejaa usiwaambie wana raha, mtoto anaweza kuwepo darasani toka asubuhi mpaka jioni na asisimame hata mara moja kujibu swali kwa kuogopa sketi yake.

Weka pia maswali ya ujuzi, machache tu: kabla ya mara ya kwanza kuna mtu alikuwa amekuambia, nani, na damu inatoka wapi. India walikusanya tafiti 138 pamoja mwaka 2016 wakakuta karibu nusu tu ya wasichana walikuwa wamesikia habari ya hedhi kabla haijawatokea, hao wengine walishtukia damu tu, na mtoto anayeona damu bila kuambiwa anadhani ameumia au anakufa. Alafu, Mwalimu, hili ndilo naliomba kuliko yote, wape wavulana na walimu wa kiume karatasi yao. Waandikie sentensi kama "msichana aliye kwenye siku zake ni mchafu" waseme wanakubali au hawakubali. Tumezoea kumpima msichana ujuzi wake na kumwacha anayemcheka, na huyo ndiye anayemfanya abaki nyumbani.

Mwisho, kabla hujauliza lolote pata ruhusa ya wazazi na ya mtoto mwenyewe, na ujue utampeleka wapi atakayesema zito. Magharibi mwa Kenya, sio mbali na nyinyi, utafiti wa 2015 ulikuta kati ya wasichana wa miaka 15, asilimia 10 walisema wamewahi kulala na mtu ili wapate pesa ya pedi. Ukilisikia hilo chini ya mti wako huwezi kuandika tu na kusema "asante, anayefuata". Uwe umeshaongea na kituo cha afya na ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya.

Assalaam aleikum Shangazi. Niko Arua, mke wangu alifariki na binti yetu ana miaka 12. Juzi nikigeuza godoro nikakuta vitambaa vina damu, vibichi. Kwetu hayo mambo ni ya shangazi yake, na dada yangu yuko Bombo. Nikimwambia mimi baba yake sitakuwa nimevunja heshima?

Waaleikum salaam ndugu yangu, na pole kwa msiba. Hujavunja kitu. Dada yako mpigie leo hii, umpe mtoto simu aende nayo nje waongee wenyewe muda wanaotaka, hiyo kazi ya shangazi ni nzuri na simtoi mtu kwenye nafasi yake. Lakini Bombo ni mbali na damu haisubiri basi. Wewe mwambie maneno machache tu bila kumkazia macho: "Mwanangu, nimejua umeanza siku zako, sio ugonjwa, hujakosa kitu, pesa ya pedi utaikuta kwenye kopo lile kila mwezi na hutaniomba." Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza, na niamini atayakumbuka.

Vile vitambaa chini ya godoro ndivyo vinavyonipa wasiwasi. Wasichana wengi wanavificha humo kwa kuogopa kuonekana, au wameambiwa mtu akiipata damu yao atawaloga wasizae, matokeo yake wanavaa kitambaa kibichi na kinawasha na kunuka. Mnunulie beseni lake, sabuni, chupi za kutosha, na umfungie kamba nyuma ya nyumba panapopata jua. Afue kwa maji ya baridi, maji ya moto yanagandisha damu kwenye nguo, aanike juani mpaka vikauke kabisa. Kama mfuko unaruhusu kuna pedi za kufua kama AFRIpads zinazoshonwa hapa hapa nchini, unanunua mara moja zinakaa mwaka na zaidi. Na kuna zile MakaPads alizobuni Moses Musaazi wa Makerere kwa mafunjo na karatasi chakavu, hizo unatupa. Yoyote atakayochagua, abadilishe kila baada ya masaa manne mpaka sita, na asilale na ile aliyoshinda nayo.

Shangazi, ni mkongomani niko kambi ya wakimbizi Nakivale. Walikuja watu na tablet wakaniuliza mambo ya mwezi mbele ya mume na watoto, na mmoja alikuwa kijana wa kiume. Nikajibu sijui kila swali. Sasa naogopa watanikata chakula. Nilipaswa kujibu?

Hapana mama, hukupaswa. Utafiti ni hiari, na jibu lako halitakiwi kuhusishwa na mgao wa chakula hata kidogo, kabla ya swali la kwanza walitakiwa wakuambie hivyo kwa lugha unayoielewa. Unaweza kukataa, unaweza kuruka swali, unaweza kusema nataka mwanamke aniulize na tukae pembeni. Uganda utafiti wowote unaohusu watu unatakiwa upitishwe na kamati ya maadili na uandikishwe kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kwaiyo wakija tena omba karatasi yenye jina la utafiti na namba ya simu ya malalamiko, anayefuata utaratibu anayo mfukoni. Usiogope kupiga.

Na nyinyi mnaotuma hao vijana, fikirieni kidogo: mama amejibu "sijui" mara kumi na tano, ofisini mtaandika wanawake wa kambini hawana ujuzi wa hedhi. Anao, ana watoto!

Shangazi mambo, mi ni kijana niko Kampala chuo. Bibi yangu kijijini anakataza dada zangu kupita shamba la karanga wakiwa kwenye siku zao eti zitakauka. Je ni sisi waafrika tu tuko na hizi imani?

Sio sisi tu mwanangu, na usimcheke bibi, alifundishwa hivyo na aliyempenda. Magharibi mwa Nepal kuna mila inaitwa chhaupadi, mwanamke akiwa kwenye siku zake analala kwenye kibanda nje ya nyumba, na wako waliofia humo kwa baridi, moshi na nyoka. Mahakama yao ya juu iliikataza 2005, haikuisha, sheria ya kumfunga anayemlazimisha mwanamke ikaanza kazi Agosti 2018, na bado iko sehemu sehemu. India mwaka huo huo wa 2018 ilibidi mahakama ya juu iamue kama wanawake wa umri wa hedhi waingie hekalu la Sabarimala, watu wakaandamana.

Serikali nazo zinajikwaa. Kenya ilifuta kodi ya VAT kwenye pedi toka 2004, Tanzania ikaifuta 2018 ikairudisha 2019, na sisi Uganda tuliahidiwa pedi za bure mashuleni kwenye kampeni za 2016, mwaka uliofuata bunge likaambiwa pesa hakuna.

Karanga zinakauka kwa ukame na magonjwa, mguu wa dada yako hauzijui. Msimu ujao palilia nao wewe mwenyewe, usitangaze kitu, wakati wa kuvuna mwambie bibi taratibu kwamba walipita humo kila wiki.

Shangazi niko S3 (sekondari mwaka wa tatu) bodingi Mbale. Tumbo linaniuma siku mbili za kwanza mpaka natapika. Wenzangu wanasema likiisha ni mpaka nilale na mwanaume au nizae. Ni kweli?

Uongo, na anayekuambia ulale na mwanaume kaa mbali naye. Maumivu yanaletwa na kemikali zinazoitwa prostaglandini, zinaukaza mfuko wa uzazi usukume damu nje, zikizidi ndio unatapika na hata kuharisha. Ibuprofeni inazizuia, ila uimeze mapema maumivu yanapoanza tu, ukiwa umekula, sio ukishalala chini. Kama una vidonda vya tumbo, pumu au shida ya figo usiiguse mpaka umuone daktari. Chupa ya maji ya moto chini ya kitovu nayo inasaidia kweli.

Damu ikipita siku 7, ukilowesha pedi nzima kila saa, au ukawa unaona kizunguzungu, nenda kituo cha afya wakupime damu. Na kwa kutapika huko nenda hata kama hayo mengine huna, uombe karatasi ya daktari umpe matroni, ili siku mbili hizo akuache ulale bila kukuuliza mbele ya bweni zima.