Kinu kidogo, leseni nzima: majibu kwa wasomaji

Kwa kuwa vinu hivi vipya vya nyuklia ni vidogo, si leseni yake nayo iwe nyepesi? (Mwalimu, Mbale)

Mwalimu, swali hili naulizwa kila mara, na kila mara neno "kidogo" ndilo linalopotosha. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki huita kidogo kinu kinachotoa hadi megawati 300. Hapa Uganda, bwawa la umeme la Bujagali ni megawati 250, la Isimba ni 183. Basi hicho "kidogo" chaweza kulipita bwawa la Bujagali. Tena wauzaji hawaji na kimoja. Wanapendekeza vinne, sita, hata kumi na viwili mahali pamoja, vikiendeshwa kutoka chumba kimoja. Hapo mkaguzi ana maswali ambayo kinu kikubwa cha peke yake hakiyaleti: kimoja kikiharibika, vilivyo jirani vitabaki salama? Zamu ya usiku iwe na watu wangapi?

Ni kweli kwamba urani, yaani fueli ya kinu, ikiwa kidogo, mionzi inayoweza kuvuja nayo hupungua. Ndiyo maana mwaka 2023 Marekani iliruhusu eneo la dharura la vinu hivi, yaani la kujiandaa kuwalinda au kuwahamisha watu, lipimwe kulingana na hatari ya kinu chenyewe, badala ya zile maili 10 za kawaida. Lakini mwombaji wa leseni ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, kwa hesabu na kwa majaribio. Kipeperushi cha muuzaji si uthibitisho.

Kinaweza kulipuka kama bomu? (Dereva wa boda boda, Kampala)

Hapana. Urani ya vinu vingi hurutubishwa, yaani sehemu yake inayopasuka kwa urahisi huongezwa, hadi chini ya asilimia 5, ya bomu hadi karibu 90. La kuogopa ni joto: kinu kikishazimwa, fueli yake huendelea kutoa joto, na joto hilo likikosa pa kwenda ndipo kinu huyeyuka, kama kule Fukushima, Japani, mwaka 2011.

Marekani wamekwisha kuidhinisha muundo wa kinu kidogo cha kampuni ya NuScale. Kwa nini tusikubali cheti chao tuokoe miaka? (Mhandisi, Jinja)

Ndugu mhandisi, kwa mtu wa Jinja swali hili limenishangaza. Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilielea ziwani hadi bwawa la umeme la Nalubaale, kikaziba njia za maji, na nchi nzima ikaingia gizani. Wewe ulikuwapo. Sasa tazama Buyende, mahali serikali ilipopachagua kwa ajili ya nyuklia: pako kando ya Ziwa Kyoga, ziwa la kina kifupi, lenye visiwa vya namna hiyohiyo. Baada ya mvua za El Niño, mwaka 1998, magugu yaliziba mdomo wa ziwa hilo, maji yakapanda yakaingia vijijini. Cheti cha Marekani hakijui habari za matete ya Kyoga. Kinasema muundo unafaa ikiwa mahali panatimiza masharti fulani, na kazi ya kupima mahali ni yetu: matetemeko, mafuriko, maji ya kupoza, barabara za kuwahamisha watu.

Halafu cheti chenyewe hakikutulia. Muundo wa megawati 50 uliidhinishwa Januari 2023, na kampuni ikarudi kuomba idhini ya megawati 77, ikaipata Mei 2025. Katikati ya hayo, Novemba 2023, mradi wao wa kwanza ulifutwa, baada ya bei iliyokadiriwa kupanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa kila megawati-saa. Vinu vidogo vya kizazi hiki vinavyozalisha umeme ni vya kuhesabu, kama vile vya meli ya Urusi iliyotia nanga Pevek, vinavyofanya kazi kibiashara tangu 2020, na kinu cha Shidao Bay, China, tangu Desemba 2023. Hujauliza, lakini nasema: Uganda isikubali kuwa uwanja wa majaribio wa muundo ambao nchi ya muuzaji haijauendesha.

Hapa kwetu nani atatoa leseni? (Mfanyabiashara, Arua)

Baraza la Nishati ya Atomiki, kwa sheria ya mwaka 2008. Na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Sheria hiyohiyo iliunda pia kitengo cha nyuklia ndani ya Wizara ya Nishati, chenye kazi ya kuisukuma nyuklia mbele. Anayeutaka umeme na anayepaswa kusema "bado" wamezaliwa na sheria moja. Marekani walikuwa na tume moja ya kuhamasisha na kudhibiti, wakaivunja kwa sheria ya 1974. Japani mdhibiti alikaa chini ya wizara iliyokuwa ikiisukuma nyuklia mbele, na hawakumtoa hadi Fukushima ilipokwisha kutokea. Mamlaka mpya ya udhibiti ilianza 2012. Bunge letu litenganishe sasa, kabla ya mkataba wowote wa ujenzi: bajeti ya Baraza iwe yake, na mkuu wake asiweze kufukuzwa kwa sababu ya kuchelewesha mradi.

Leseni yenyewe hutolewa kwa hatua: ya mahali, ya kujenga, ya kuendesha, hadi ya kubomoa. Falme za Kiarabu zilianzisha mdhibiti wao 2009, zikatoa leseni ya kujenga kituo cha Barakah 2012, na ya kuendesha kinu cha kwanza 2020. Nao walikuwa na fedha za kuajiri wataalamu kutoka popote. Wanaotuahidi megawati 1,000 ifikapo 2031 wahesabu tena.

Je, bei ya tokeni za Yaka, umeme wa kulipia kabla, itashuka? (Wengi mno)

Leseni ya usalama haipangi bei. Waulizeni Mamlaka ya Kudhibiti Umeme.

Sisi tuna shamba Buyende. Ardhi ikichukuliwa, ina maana kinu kimekwisha kuidhinishwa? (Mama mkulima)

Hapana, mama. Kuchukua ardhi ni jambo moja, kupitisha mahali kwa usalama ni jingine, na mahali paweza kukataliwa hata baada ya watu kuhama. Kuhusu shamba lako, ibara ya 26 ya Katiba inasema fidia iwe ya haki, na ilipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Usitie alama ya kidole kwenye karatasi usiyosomewa. Hesabu miti, mihogo, kisima na makaburi ya wazee, uandike mbele ya mwenyekiti wa kijiji (LC1), ubaki na nakala. Pakiitishwa kikao cha wananchi kuhusu mazingira, nendeni wengi, mkadai maneno yenu yaingizwe kwenye kumbukumbu.

Taka zitakwenda wapi? (Muuguzi, Gulu)

Swali bora kuliko yote, dada. Udogo wa kinu hauziondoi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022 uliona baadhi ya miundo midogo ingezalisha taka nyingi zaidi kwa kiasi kilekile cha umeme. Jibu liandikwe kabla ya leseni ya kujenga: nani anazichukua, na fedha za kubomoa kinu zinawekwa wapi tangu siku ya kwanza.

Nasoma uhandisi, nataka kufanya kazi kwenye nyuklia. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Makerere)

Mwanangu, usikimbilie kwa wajenzi peke yao. Omba nafasi Barazani, ambako leo wanakagua mashine za eksirei na za kutibu saratani. Ukaguzi huo ndio shule ya huu utakaokuja. Na darasani, tia bidii kwenye uhamishaji wa joto kuliko kwenye fizikia ya kiini cha atomu, maana maswali mengi ya mkaguzi yako huko.