Re: Picha za mechi ya usiku zina ukungu, za jukwaani zina mistari

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: mechi za usiku pale uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, wachezaji wanatoka na ukungu, halafu picha za tamasha zina mistari myeusi ya kulala.

Anza na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inaruhusu mwanga kuingia. 1/250 ya sekunde inamtosha mtu anayetembea, si winga anayemkimbia beki. Mimi sishuki chini ya 1/1000, lenzi naifungua hadi f/2.8 iingize mwanga mwingi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) naiachia ifike 6400. Chenga, vile vidoti vidoti kwenye picha, zitaonekana, ndiyo. Mhariri atazivumilia, ukungu hataki hata kuuona. Na usiukimbize mpira. Kaa karibu na kibendera cha kona, nyuma ya mabango, wakujie wao. Bao lenyewe mara nyingi linafichwa na mgongo wa mtu. Picha inayopata ukurasa ni ya sekunde chache baadaye, mfungaji anakimbilia mashabiki huku kipa kajishika kichwa.

Mistari ni habari nyingine. Kwanza kagua kama umewasha shata ya kielektroniki, ile ya kimyakimya. Ndiyo iliyonimaliza mimi: onyesho zima la taarabu, mwimbaji kang'ara kwa dhahabu, mstari umempita puani. Rudi kwenye shata ya kawaida. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo taa zinazopepesa kwa umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jaribu kasi ya 1/100, ilingane na mpepeso mmoja, mwimbaji akitulia kwenye maiki. Taa za LED za jukwaani zina kasi zao, hapo ni kupapasa: piga mbili tatu, kuza picha kwenye skrini uone mistari, badilisha kasi.

Kamera yako hujaitaja. Tazama menyu kama ina kizuia mpepeso, kisha rudi utuambie.