Tezi, mtoki au mafindofindo?

Swali: Mwanangu wa miaka sita ana vinundu viwili chini ya taya, kila kimoja kama harage. Daktari kasema "tezi zimevimba". Mama mkwe anasema ni mtoki, jirani anasema mafindofindo. Nami nikisikia tezi naiona shingo ya marehemu bibi yangu, usingizi unaruka. Neno sahihi ni lipi?

Jibu: Pole, dada. Daktari hajakosea, ila kataja jina la ukoo akaacha jina la mtoto. Tezi ziko nyingi. Iliyomvimba bibi ni ya shingo, ile ya kukosa madini joto, ambayo kamusi huiita rovu na mtaani ni goita. Ipo tezi dume ya wanaume. Zipo za mate, zikivimba kwa ule ugonjwa wa kuambukiza tunasema matubwitubwi. Za mwanao, kwa maelezo yako, ni tezi za limfu: vipunje vilivyotapakaa mwilini kwa mamia, kazi yake kuchuja vijidudu. Jirani ndiye aliyepotea njia. Mafindofindo yako ndani ya koo. Mtoto hupanua mdomo yakaonekana, hayapapaswi chini ya taya.

Mama mkwe amekaribia. Mtoki kwa asili ni wa kinenani, kisha wa kwapani. Nalipenda neno hili kwa sababu limebeba na uchunguzi wake. Mtoto akichechemea akisema ana mtoki, mtu mzima haulizi habari za kinena. Humgeuza unyayo akatafute mwiba au kidonda. Wa kwapani, hutazamwa mkono. Yaani waliolitumia walijua kuwa kinachovimba hapa kinajibu kilichoingilia pale. Siku hizi wengi husema "tezi za mtoki" hata kwa za shingoni. Mimi silitumii hivyo, lakini sigombani na anayelitumia, maana anaeleweka.

Ninachogombana nacho ni "uvimbe". Ukisema "tezi zimevimba", kitenzi kinaeleza jambo linalotokea na linaloweza kuisha. Ukisema "mtoto ana uvimbe shingoni", nomino imeleta mgeni aliyehamia na virago vyake, na kwa kuwa neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa saratani, nusu ya ukoo itafika kwako jioni na nyuso za msibani.

Kuhusu usingizi, mimi ni mtu wa kamusi, si wa sindano. Najua tu yanayojulikana na wengi: tezi laini, inayoteleza chini ya kidole, inayouma ikiguswa, kwa mtoto mwenye mafua, jino bovu au mapunye kichwani, kwa kawaida hunywea yenyewe wiki chache baadaye. Ikiwa ngumu, haisogei, inazidi kukua, au mtoto ana homa zisizoisha, jasho la usiku na anakonda, mrudishe hospitali mara moja. Hapo lugha nayo hutuponza: wapo wanaoambiwa "kifua kikuu cha tezi" wakabisha kwa kuwa hawakohoi. Jina linasema kifua, lakini ugonjwa huo hukaa hata kwenye tezi za shingo, na dawa zake zipo.

Ukirudi kwa daktari, mwambie hivi: "Tezi mbili chini ya taya zimevimba tangu wiki juzi, zinacheza, akiguswa analia." Umetaja mahali, muda, hali na maumivu. "Limevimba" na "yamevimba" pia utayasikia, na si makosa. Ila kwa sikio langu "tezi la shingo" ni lile kubwa la bibi, na vya mwanao ni viharage.