Mfumo Mmoja, Wasikilizaji Wanne

Aliyejenga mfumo wa kompyuta ndiye mara nyingi anayeuonyesha vibaya kwa wateja. Huanza na seva, hifadhidata na moduli, na kabla hajafika kwenye faida wasikilizaji wameshatoa simu.

Tuchukue mfumo wa kusimamia stoo. Kwa wakurugenzi, fungua ripoti moja kwa moja: bidhaa zipi zinakaribia kuisha, zipi zimelala miezi 6, na fedha kiasi gani imekwama humo. Mipangilio usiiguse. Mhasibu mpe jumla ya gharama za miaka 3, siyo leseni tu: usakinishaji, kuhamisha data ya zamani, mafunzo, matengenezo. Utakachoficha atakikuta kwenye mkataba.

Mtunza stoo ndiye anayehitaji muda wako zaidi, ingawa wengi humpa dakika za mwisho. Mwonyeshe kazi anayoifanya kila siku: katoni imeingia, anaskani msimbopau, anaandika idadi, anahifadhi. Kisha kosea makusudi. Andika 500 badala ya 50, umwonyeshe kosa linavyosahihishwa na rekodi inavyobaki kuonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Anachohofia ni kubebeshwa lawama ya upotevu asioujua. Halafu mpe kipanya ajaribu mwenyewe, nawe unyamaze. Akikwama mahali, paandike. Hapo ndipo na wenzake watakapokwama.

Mafundi wa TEHAMA slaidi haziwashawishi. Chomoa waya wa mtandao mbele yao, waone kinachotokea na data inavyooanishwa mtandao ukirudi. Kama mfumo hauhimili hilo, sema mapema, maana watajaribu tu. Watauliza pia kuhusu nakala rudufu, na kama data yote inatoka kwa CSV (faili rahisi la jedwali linalosomeka na programu nyingi) siku wakiamua kuhama.

Data ya onyesho iandae mapema. Rekodi 10 zenye majina kama "Bidhaa 1" hazithibitishi lolote, kwa kuwa karibu kila mfumo huwa na kasi ukiwa mtupu. Weka maelfu, zenye majina marefu yanayoweza kuvuruga jedwali. Data ya mteja mwingine usiitumie kamwe. Kuza maandishi hadi 150%, zima arifa, na uwe na video ya onyesho zima kwenye laptopu iwapo seva itagoma.

Wakiulizia kipengele ambacho hakijakamilika, jibu "hakipo". Ukisema "kiko njiani", kitaingia kwenye kumbukumbu za kikao kama ahadi, pamoja na tarehe ambayo hukuitaja.